Kanuni ya pamoja, na yule atakayeshindwa kuishika

Ushirika wetu wa maombi unataka kujiwekea kanuni ya maisha. Rasimu ina mambo manne: kuamka saa kumi na moja alfajiri kuomba, kusoma sura mbili za Biblia kwa siku, kufunga Ijumaa, na kumtembelea mgonjwa au mfiwa kila mwezi. Jumamosi tukikutana, kila mmoja aeleze alivyotimiza.

Wanaoikataa si wavivu. Wanasoma Wagalatia 5:1, "wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa", halafu wanauliza mama anayenyonyesha atafungaje, na mwenye vidonda vya tumbo je. Wanahofia pia kwamba aliyetimiza yote manne atajiona amekomaa, na asiyetimiza atajifunza kuficha.

Wanaoitaka wanajibu kwa Matendo 2:42: waamini wa kwanza walikuwa "wakidumu" katika fundisho, ushirika, kuumega mkate na kusali. Uzito uko kwenye kudumu. Mtu akiachiwa moyo wake umwongoze, huomba mtoto anapougua na kunyamaza homa ikishuka. Nimeishi hivyo miaka mingi, najua.

Mimi niko upande wa kanuni. Lakini tunabishana juu ya cha kuandika, na hatujaulizana bado: aliyeshindwa tutamfanyaje?

Machi 1743, John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, aliandika katika shajara yake hesabu ya waliofukuzwa katika chama chake cha waamini cha Newcastle, Uingereza. Walikuwa 64. Kumi na saba ni kwa ulevi. Mmoja alikuwa akimpiga mkewe, na kwa huyo simlaumu Wesley hata kidogo. Ila 29, karibu nusu, kosa lao lilikuwa wepesi, yaani kutochukulia mambo kwa uzito, na kutojali. Mwaka huohuo alichapisha kanuni za vyama vyake, na tiketi ya uanachama ilikuwa ikikaguliwa kila miezi mitatu. Nidhamu hiyo haikuwa bure: maskini ambao hakuna aliyewahi kuwauliza habari za roho zao walipata kikundi cha kuwauliza kila wiki. Lakini wepesi wa mtu unapimwa kwa mizani gani, na nani aishike?

Benedikto wa Nursia, mmonaki aliyeandika kanuni ya monasteri Italia katika karne ya 6, alilifikiria jambo hili kwa upole zaidi. Kanuni yake ina sura 73, na wamonaki wa Peramiho, Ndanda na Hanga, Tanzania, wanaishi kwayo hadi leo. Anayeomba kuingia husomewa kanuni yote mara tatu ndani ya mwaka, na kila mara yuko huru kuondoka (sura ya 58). Akishapanga zaburi za wiki nzima, anasema mwenye mpango bora aufuate, mradi zote 150 ziimbwe. Sura ya 27 ndiyo hunigusa zaidi: ndugu akitengwa, abate, mkuu wa monasteri, atume wazee wenye hekima wamwendee kimyakimya, wamfariji asimezwe na huzuni. Aliyeondoka anaweza kupokewa tena hadi mara ya tatu. Kanuni hiyohiyo ina viboko, na hivyo sivitetei.

Kuna wanaosema tusiandike chochote, Roho atatuongoza, kama ilivyokuwa katika Uamsho, vuguvugu la toba lililowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Nauheshimu Uamsho ule. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilipona kwa toba yake. Lakini nao ulikuwa na kanuni, japo bila karatasi: kukutana kila wiki, kuungama mbele ya ndugu, kutembea nuruni. Baadaye, Uganda, ndugu walitengana, na suala la kukopa fedha likiwa mojawapo ya yaliyowagawa. Sheria isiyoandikwa humkamata mtu kabla hajajua ipo, naye hana pa kuomba irekebishwe.

Kwa hiyo Jumamosi nitapendekeza tuandike, ila mambo mawili tu, kusoma na kutembelea wagonjwa, kwa mwaka mmoja. Tuisome kanuni mara tatu katika mwaka huo, na kila mara mtu awe huru kusema hapana bila kuulizwa sababu. Na kabla ya kuandika mstari wa kwanza, tuchague wazee wawili watakaokwenda nyumbani kwa yeyote aliyeacha kuja, waende bila daftari, wakae naye, wanywe chai.