Umebaki Mmoja Tu!

Jamani, nani huyu anayewatia watu maneno barazani hapa Unguja? Kila ikikaribia Jumapili utamsikia: "Yakhe, si unapanda gari tu asubuhi, unakwenda msitu wa Jozani ukaone kima, unapitiliza Paje ukaoge baharini, magharibi uko kwako unakunywa chai. Gari zipo tele." Anayesema hivyo mara yake ya mwisho kupanda gari ya shamba, daladala ya vijijini, zilikuwa bado zile za zamani, chaimaharage, tena alikaa mbele kwa dereva kwa sababu dereva ni ami yake.

Mimi mtu na heshima zangu, sipendi kugombana. Nitaeleza kwa utaratibu.

Gari kweli zipo. Ya Makunduchi namba 310, ya Jambiani 309, ya Bwejuu 324, zote zinapita mlangoni Jozani. Lakini kuna kuwepo na kuna kuwepo saa unayoitaka wewe. Gari ya shamba haikuwekwa kwa ajili ya mtu wa mjini Michenzani anayetaka kupunga upepo. Imewekwa kwa mtu wa Muyuni anayekuja mjini alfajiri na pakacha lake, arudi mchana na sukari yake na bati zake mbili. Asubuhi inakuja mjini imefurika, inarudi shamba inaokoteza. Jioni inakwenda shamba imefurika, na ikifika haina haja tena ya mjini: dereva kwao ni huko huko, gari inalala uani kwake. Wewe unakwenda kinyume na kisiwa kizima, mara mbili kwa siku moja, na unataka na kiti cha dirishani.

Sasa ufike stendi. Utingo atakuona tangu uko ng'ambo ya barabara, atakunyang'anya kikapu, atakimbia nacho. "Shikamoo mzee, ingia, umebaki mmoja tu!" Unaingia. Ndani mna watu watatu na jogoo.

"Mwanangu, mmoja wa nini?"

"Wa kuondoka, mzee wangu."

Unakaa. Mara wawili katika wale watatu wanashuka, wanakwenda zao kunywa kahawa. Hawakuwa abiria, walikuwa marafiki zake, wamewekwa pale gari ionekane ina watu. Amebaki mwenye jogoo. Dereva anatia moto, anavuta mbele hatua tatu, moyo wako unapoa, anarudi nyuma hatua tatu. Hiyo ni ya kumtisha anayekuja mbio kule. Anaingia mama na watoto wawili. "Umebaki mmoja tu!" Anaingia bwana na polo la mkaa. "Umebaki mmoja!" Benchi la watu watatu sasa lina wanne, na kitoto cha mtu usiyemjua kimeshawekwa mapajani pako, kinakutazama. Ukiuliza, "Utingo, huyo mmoja haingii tu?" anakujibu kwa adabu kabisa: "Kesha ingia, mzee. Huyu ni mwengine."

Mwengine! Mimi nilisoma hesabu mpaka za sehemu na desimali, hii ya utingo sijaiona kitabuni.

Haya, imeondoka. Inakwenda wapi? Kutia mafuta. Saa nzima imekaa bure haikutia mafuta, mpaka tumejazana kumi na wengine. Kisha Mwanakwerekwe, sokoni, kupandisha ndoo za mtu. Njia yenyewe ni kama kilomita 35 tu, lakini wewe hesabu saa moja u nusu mpaka mbili, na usiniulize nusu saa inapotea wapi, nimeshaeleza.

Kwa hiyo: noti ndogo ndogo. Ukimpa utingo ya elfu kumi, chenji inageuka deni. "Tutakutana mbele, mzee." Mbele ya nani? Na kaa kulia. Kwenda asubuhi gari inaelekea kusini mashariki, jua linaingia kushoto. Kurudi jioni gari imegeuka na jua nalo limeshahamia magharibi, linaingia kushoto tena. Nyuma kabisa usikae, matuta ya Jozani yatakutoa kofia. Yaliwekwa ili gari zisiwagonge kima, na ni haki yao, lakini mgongo ni wangu. Ukiona tu miti mirefu imefunga kivuli barabarani, anza kupiga kelele, "Shusha, Jozani!" Ukingoja mpaka uone kibao umeshapita, unarudi kwa miguu na sufuria ya pilau kichwani.

Getini unakata tiketi, na ulizia bei ya mwananchi, chukua na kitambulisho. Tiketi hiyo ina mtembezaji, msitu na lile daraja la mbao la mikokoni, basi usikubali kurudishwa bila kupelekwa mikokoni. Hifadhi ya Taifa hii tangu 2004, kilomita za mraba 50 wamepewa wanyama wakae, na kima punju wenyewe, hao uliokuja kuwaona, utawakuta ng'ambo ya barabara, kwenye miembe na mikungu (miti ya kungu, si ya ndizi) ya watu, nje ya geti ulilolipia.

Na ile ndizi uliyomchukulia, kula mwenyewe. Kulisha marufuku, na hata ingeruhusiwa, kima punju hataki tunda lililoiva. Ana tumbo la vyumba vinne (mtu wa mtaa wa Ng'ambo mjini ana watoto saba na vyumba viwili), linachacha majani machanga na matunda mabichi. Sukari ya tunda bivu inamvuruga. Akishashiba majani ya mkungu na muembe, ambayo yana sumusumu yake, anakwenda kwenye tanuri la mtu anaokota makaa anayatafuna, yanyonye ile sumu tumboni. Sisi mkaa tunauhesabu kipande kwa kipande, yeye anaula. Na nchi nyengine hayupo, ni wetu peke yetu Zanzibar, ndiyo maana anaringa.

Paje sasa. Hapa ndipo watu wanapoaibika mbele ya watoto wao. Unawapakia Jumapili mwezi mpevu, mnafika saa nne, mtoto anauliza: "Baba, bahari iko wapi?" Unamwonyesha ule mstari mweupe kule mwambani. Baina yenu na huo mstari ni mchanga, vidimbwi, vigingi vya mwani, na wale wadudu weusi wa miiba wanaongoja mguu wa mtu wa mjini asiyevaa yeboyebo. Bamvua ya Unguja, yale maji makubwa, ina saa zake haizivunji: mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, maji yanajaa karibu saa kumi na yanakupwa karibu saa nne. Yaani bahari inaingia saa kumi jioni, ile ile saa ambayo gari ya mwisho inapiga honi.

Basi kabla hujatazama gari tazama kalenda, tena ile ya mwezi muandamo. Kila siku maji yanachelewa kiasi cha dakika 50. Nenda tarehe 7 mpaka 9, au 22 mpaka 24: hayo maji mafu, yanajaa saa nne, saa tano asubuhi. Hayajai sana, lakini na kukupwa hayakupwi sana, mtu ataoga.

Pemba ndiyo kabisa. Msitu wa Ngezi gari inakuishia Konde, kilichobaki miguu au bodaboda. Wale popo wakubwa wa Kidike mchana kutwa wananing'inia wamelala. Wanaruka magharibi, uhondo ndio huo, na magharibi utakuwa huna gari ya kukurudisha mjini Chake Chake. Kalale nao.

Kurudi uwe barabarani saa tisa, usingoje jua lipoe. Za mjini zikipita zimejaa mara mbili tatu, panda inayokwenda shamba, ukageuze nayo mwisho wa njia. Utalipa nauli mara mbili, ndiyo, lakini utakaa. Wala usichukue wali wa nazi, jua hilo, mpaka saa nane umeshachacha. Chukua boflo, chukua mayai ya kuchemsha, chukua maji ya kutosha, maana dafu ufukweni bei yake imeandikwa kwa dola. Dafu! La mnazi ule pale nyuma, mtu kapanda kaangua kashuka, hata jasho halijamkauka, anakwambia dola. Na anakuwekea mrija wa karatasi, unavuta mara mbili umeshalegea, umekuwa uji. Halafu anauliza kama nataka na kijiko. Kijiko cha nini, mwanangu? Lete panga nilipasue mwenyewe!