Milo Minne Unguja

Mimi ni mtunza stoo. Kwa miaka kumi na tisa nimehesabu magunia ya alizeti, madumu na misumari ya watu wengine hapa Singida, na katika muda wote huo sijakutana na hesabu iliyoninyima usingizi kama hesabu ya chakula nitakachokula Zanzibar mwisho wa mwezi huu, chakula ambacho bado sijakiona, sijakinusa wala sijakilipia.

Safari yenyewe ni fupi. Mama Neema na mimi tutapanda basi hadi Dodoma, tutachukua treni ya umeme hadi Dar es Salaam, kisha tutavuka kwa boti ya kasi, mwendo wa saa mbili hivi, hadi bandari ya Malindi, ambako tutashuka Ijumaa alasiri, na Jumapili alasiri tutarudi tulikotoka. Hatujawahi kuvuka bahari. Maji ya chumvi tunayoyajua sisi ni ya Ziwa Singidani, ambalo lina ndege wengi wa kupendeza lakini halina pweza.

Nilikosea siku ile nilipoitangaza safari hii hadharani. Nilitarajia watu wanitakie heri, au waulize nauli ni kiasi gani, au hata waniombe niwaletee karafuu. Badala yake kila mtu aliniuliza swali moja tu: mtakula wapi? Nikajibu kama mtu mzima kwamba tutakula pale njaa itakapotukuta. Jirani yangu alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyesema atajenga nyumba bila msingi, akavuta kigoda, akakaa, na hakuondoka hadi saa tatu usiku.

Jirani huyu alikwenda Unguja mwaka 2016 kwa semina ya siku mbili. Kwa maelezo yake mwenyewe alikula milo yote ukumbini, wali na kuku, lakini usiku mmoja alitoka akafika bustani ya Forodhani, na tangu siku hiyo amekuwa mtaalamu wa vyakula vya Pwani kwa mkoa wote. Alinichorea ramani nyuma ya risiti: nisimame nikiitazama Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, nihesabu meza tano upande wa kushoto, hapo nitamkuta kijana anayekaanga pizza ya Zanzibar. Nilipomkumbusha kwamba sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020, alifikiri kidogo akasema basi nihesabu meza sita.

Shemeji yangu naye ana mtu wake, muuza pweza asiye na mfano, aliyekuwa akisimama chini ya mti bustanini hapo hapo. Nilimwuliza alimwona lini. Akasema ni zamani kidogo, kabla ya bustani kukarabatiwa. Ukarabati huo ulikamilika mwaka 2009. Kwa hiyo mimi, mtu mwenye familia, natakiwa kuvuka bahari kumtafuta kijana ambaye leo huenda ana wajukuu, ili ninywe supu ya pweza ambayo shemeji ameiandika kwenye karatasi yangu na kuipigia mistari miwili. Mama Neema aliiona ile mistari miwili. Aliuliza supu hiyo inatibu nini hasa, na shemeji akakumbuka kwamba ameacha ng'ombe malishoni.

Nilipoona karatasi zimekuwa nyingi, nilifanya ninachofanya stoo: nilifungua leja. Upande mmoja niliandika milo iliyopo. Ijumaa kuna chakula cha usiku. Jumamosi kuna asubuhi, mchana na usiku. Jumapili kuna asubuhi na mchana. Jumla ni milo sita. Lakini nyumba ya wageni tuliyoweka nafasi imejumuisha chai ya asubuhi katika bei yake, na mimi si mtu wa kulipia mayai mawili na kipande cha tikiti maji kisha nikaviacha mezani kwa sababu eti nje kuna mtu anauza vitumbua. Salio likawa milo minne. Upande wa pili niliandika vyakula vyote ambavyo watu wameniapiza kwamba nisipovila nitakuwa sijafika Zanzibar. Vilikuwa ishirini na saba. Nikagawanya. Jibu ni vyakula sita na robo tatu kwa kila mlo, na hiyo robo tatu nimeiwekea alama ya kuuliza, maana sijui ni chakula gani kitakachokubali kuliwa robo tatu.

Mama Neema alisema dawa ni rahisi: tuyaache mayai ya nyumba ya wageni, tupate milo sita. Kwa maneno yake, mayai hata hapa kwetu kuku wanataga, tena kuku wa Singida wanaosafirishwa hadi Dar es Salaam kwa sifa zao, sasa mtu avuke bahari kwenda kula yai lisilojulikana ukoo wake? Hoja hiyo ina nguvu. Lakini nilimwomba anieleze nitaandika nini kwenye safu ya matumizi, mahali ambapo chai imelipiwa na haikunywewa, akaniambia niandike "mume mbishi". Suala hilo bado halijafungwa.

Tatizo kubwa zaidi ni urojo. Vyakula vingine vyote vinahesabika. Pilau ni pilau. Biriani nilidhani ni pilau iliyokwenda shule, hadi nilipoelezwa kwamba pilau wali hupikwa pamoja na nyama na viungo katika sufuria moja, ilhali biriani rojo lake hupikwa peke yake na wali peke yake, kisha vikakutanishwa. Sawa, hiyo ni mistari miwili kwenye leja. Boko boko ni ngano na nyama vilivyopikwa na kupondwa kwa saa nyingi hadi ngano isijulikane na nyama isijulikane, mstari mmoja. Mkate wa kumimina, mkate wa ufuta, mkate wa mofa, na mkate wa ajemi, ambao jina lake tu linakwambia kwamba uliingia kisiwani kwa jahazi kutoka Uajemi, hiyo ni mistari minne, na hapo bado mtu hajashiba. Lakini urojo ni kitu gani kihesabu? Nimeambiwa ni rojo la manjano lenye uchachu wa embe mbichi na ndimu, ambalo ndani yake hutiwa viazi, bhajia, kachori, mishikaki, yai la kuchemsha, chipsi za muhogo, chatini ya nazi na pilipili, vyote katika bakuli moja. Stoo hatuweki hivyo. Stoo, ukipokea sanduku lenye vitu vinane, unapokea vitu vinane.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo kwa dakika kumi lilinifanya nijione mtu mwerevu sana. Bhajia, kachori, mishikaki na chatini ya nazi vilikuwa tayari vimo kwenye orodha yangu, kila kimoja na mstari wake. Nikila bakuli moja la urojo, nilijiambia, nitafuta mistari mitano kwa mkupuo, na orodha itashuka hadi ishirini na mbili kabla hata sijanawa mikono. Mama Neema alisoma leja kwa makini, akavua miwani, akaniuliza kama huko kazini nako ndivyo ninavyofunga hesabu. Alisema huo ni wizi wa stoo. Bhajia iliyolowa kwenye rojo, kwa maoni yake, si bhajia iliyoliwa. Ni bhajia iliyozama.

Nilikwenda kwa wanakwaya wenzake, ambao wawili kati yao wamewahi kuishi Unguja, nikitafuta angalau ukubwa na uzito wa urojo. Mmoja alisema urojo halisi lazima uwe mzito, ushike kijiko. Mwingine alisema urojo mzito ni uji wa mgonjwa, na kwamba urojo halisi unakunywika. Walianza kwa sauti ya mazungumzo. Mazoezi ya kwaya siku hiyo hayakufanyika.

Sijazungumzia nazi. Mimi nimelelewa kwa ugali wa uwele na mlenda, na mafuta yetu ni ya alizeti, mafuta yanayojua mipaka yake. Sasa nikipitia orodha naona wali wa nazi, mbaazi za nazi, maharage ya nazi, mchicha wa nazi, ndizi mbivu za nazi na pweza wa nazi. Nilimwuliza Neema, aliye chuoni Dar es Salaam na anayenitumia video za vyakula usiku wa manane, kama kuna chochote kule ambacho mnazi haujakitembelea. Alijibu: "Baba, kahawa." Basi kahawa nimeipenda kabla ya kuionja. Ni chungu, inanywewa katika vikombe vidogo vibarazani, na kashata pembeni ya kupooza ulimi, na kwa kuwa si mlo, nimeiweka nje ya leja kabisa, chini ya matumizi madogomadogo. Ila kashata nayo, nimekuja kugundua, mara nyingi ni ya nazi.

Kuhusu boti nitasema kwa ufupi, kwa sababu washauri wenyewe wamegawanyika vikundi vitatu na hawasalimiani. Kundi la kwanza linasema usile kitu kabla ya kuvuka, hasa wakati wa kusi. La pili linasema kula ushibe, ili tumbo litulie kama gari lenye mzigo. La tatu linasema tafuna tangawizi na utazame mbali. Mimi nitatafuna tangawizi. Mama Neema amesema atalala.

Mwisho kabisa nilikwenda kwa mtu ambaye nilipaswa kumwendea kwanza, Mpemba mwenye duka kwenye kona yetu, ambaye ninamkopa sukari tangu Neema hajazaliwa. Nilimkabidhi leja. Aliipitia polepole, akalamba ncha ya kalamu, akaanza kukata mistari bila kuniomba ruhusa.

"Hii sio. Hii nayo sio. Hii hula wageni. Hii weye hutoiweza."

Nilimwuliza kwa unyenyekevu kilichobaki ni kipi. Akasema nikitaka ukweli wake, Unguja watu wanajitahidi, lakini chakula kiko Pemba. Nilimweleza kwamba nina milo minne tu na Pemba ni boti nyingine. Akanihurumia. Alinieleza habari za Forodhani, kwamba jioni watu huenda pale kupunga upepo na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na kwamba kabla sijagusa mshikaki wowote niulize bei, nisikie bei, kisha ndipo nifungue kinywa. Ushauri huo ulinigusa. Jina lenyewe la mahali pale linatokana na forodha, mahali pa kutozea ushuru, na mtunza stoo hawezi kuingia forodhani bila kujua anatozwa nini.

Kisha nikauliza swali ambalo sasa najuta kuliuliza. Nilimwambia, "Mzee wangu, wewe mwenyewe ukienda Unguja, unakula wapi?"

Alishangaa kama nimemwuliza analala na viatu au bila viatu.

"Mie? Mie nala kwa dada yangu, yakhe. Kwani n'na wazimu?"

Kabla sijashukuru na kuondoka alikuwa ameshapiga simu. Dada yake anaishi Mwembetanga, ni mama wa watu wanane, na sauti yake ilisikika duka zima. Alisema ndugu wa kaka yake ni ndugu zake, na kwamba ni aibu isiyosemeka sisi kufika mjini na kula barabarani kama watu wasio na kwao. Ijumaa usiku kwake. Jumamosi mchana kwake. Jumamosi usiku kwake. Jumapili mchana tutakula mapema, kisha vijana watatusindikiza botini. Nilijaribu kusema kwamba hatutaki kumsumbua. Kaka yake alinikanyaga mguu.

Nikiwa nimesimama pale kaunta, nilianza kuona mwanga. Milo minne, kwa mwenyeji wa kisiwa, nyumbani, bila kuhesabu meza, bila kuuliza bei! Nilijiona tayari mbele ya sinia, biriani ikifuka moshi, na leja nikiwa nimeikalia. Ndipo yule mama akaendelea.

"Wala msiwe na wasiwasi wa chakula, shemeji yangu. N'nawajua watu wa bara, hamlali bila ya ugali. Nishamtuma kijana Darajani akatafute unga wa mtama. Siku zote mtakazokuwapo nitakusongeeni ugali, mjione mko kwenu. Ila huo mlenda wenu ndio sina. Mje nao."

Kaka yake alitikisa kichwa kwa fahari, akaniambia, "Umeona ukarimu?"

Nimerudi nyumbani. Mama Neema amecheka hadi akakaa chini, kisha akainuka, akaingia stoo yetu ndogo na kutoka na unga wa mlenda uliokaushwa tangu masika. Nimeupima kwa mizani: kilo moja na robo. Nimeuandika kwenye leja, safu ya vitu vinavyotoka, kuelekea Unguja.