Ruzuku ya mtoto ilipogeuzwa kuwa ya mlezi

Virusi vya korona havikuwaua watoto kwa wingi kama vilivyowaua wazee, na bahati hiyo ndiyo iliyowaponza. Mwaka 2020, serikali nyingi zilipokuwa zikipanga nani apewe fedha za dharura, zilikuwa na takwimu za wagonjwa, za wafanyakazi walioachishwa kazi na za kampuni zilizokaribia kufilisika. Mtoto hakuonekana humo. Ilichukuliwa kwamba yumo ndani ya kaya, na kaya ikipata, naye kapata. Wakati huohuo, kwa hesabu ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, watoto wapatao milioni 370 walikosa mlo wa shuleni baada ya shule kufungwa.

Ndiyo maana sisi watetezi wa watoto tunataka janga likija watoto watengewe mfuko wao wa fedha za dharura. Wanaopinga mfuko huo si watu wasio na huruma. Mapato ya kodi yaliporomoka wakati uleule gharama za hospitali zilipopanda. Fedha zinazotolewa haraka huzaa walengwa hewa. Na deni litakalokopwa leo litalipwa na huyuhuyu mtoto akishakua. Hizi ni hoja za kweli, ila zinazungumza kana kwamba swali ni kutoa au kutotoa. Kwa kawaida serikali hutoa. Pa kubishania ni jinsi inavyogawa, na Afrika Kusini inaonyesha mtoto anavyoweza kupotea katikati ya hesabu hata pale nia ilipokuwa njema.

Nchi hiyo ilikuwa na ruzuku ya mwezi iliyowafikia watoto takriban milioni 13 kupitia walezi kama milioni 7. Rais Ramaphosa alipotangaza nafuu mwezi Aprili 2020, ruzuku hiyo iliongezwa: randi 300 mwezi Mei, kisha randi 500 kuanzia Juni hadi Oktoba. Wengi walielewa kwamba ni kwa kila mtoto. Baadaye ikafafanuliwa: 300 za Mei ni kwa kila mtoto, lakini zile 500 ni kwa kila mlezi, awe na watoto wangapi.

Piga hesabu. Nyongeza ya mlezi wa mtoto mmoja ilipanda kutoka 300 hadi 500. Ya mlezi wa watoto wawili ilishuka kutoka 600 hadi 500. Mlezi wa wanne alipokea nyongeza ya 1,200 mwezi Mei, na Juni akapokea 500, yaani 125 kwa kila mtoto. Aliyebeba mzigo mkubwa ndiye aliyepunguziwa, tena wakati shule nyingi bado zimefungwa na watoto wote wako nyumbani wakisubiri kula. Mtetezi wa serikali atasema, na ana haki ya kusema, kwamba randi 500 kwa kila mtoto zingegharimu kama bilioni 6.5 kwa mwezi, ilhali kwa kila mlezi ni bilioni 3.5. Sawa. Lakini kuendelea na zile 300 za Mei kwa kila mtoto kungegharimu kama bilioni 3.9. Tofauti ni takriban randi milioni 400 kwa mwezi, na kwa tofauti hiyo nyongeza ingebaki inamfuata mtoto.

Kisha likaja la pili. Ilianzishwa ruzuku mpya ya randi 350 kwa wasio na ajira, na mlezi anayepokea ruzuku ya mtoto hakuruhusiwa kuiomba. Fedha za mtoto zikahesabiwa kuwa kipato cha mama. Oktoba nyongeza ilipokoma, mlezi asiye na kazi alibaki bila hii wala ile, hadi Agosti 2021 ruzuku ya 350 iliporejeshwa na walezi wakaruhusiwa kuiomba.

Kuhusu wizi, njia iliyo salama zaidi ni kupitisha fedha kwenye daftari la walengwa ambalo tayari linatumika kulipa ruzuku. Kashfa ya janga iliyovuma sana Afrika Kusini ilihusu zabuni za barakoa na vifaa kinga. Hata hivyo, daftari lina upungufu ambao sisi watetezi wa watoto hupenda kuuruka: asiyeandikwa halipwi. Mwaka 2019 UNICEF ilikadiria kwamba watoto milioni 166 walio chini ya miaka mitano hawakuwa wamesajiliwa kuzaliwa. Hapo wapinzani wetu wana haki kabisa.

Wapo wanaopendekeza njia ya kati, kwamba wasaidiwe yatima tu. India ilifanya hivyo Mei 2021, ikawaahidi watoto waliofiwa na wazazi wote wawili kwa korona, au na mzazi pekee aliyebaki, mfuko wa rupia milioni 1 wa kukabidhiwa wakifika miaka 23. Mpango mzuri kwao. Ila aliyefiwa na baba mtafutaji huku mama akiwa hai hakuingia.

Na deni? Marekani ilipanua nafuu ya kodi ya watoto mwaka 2021, na kwa kipimo kinachojumlisha misaada ya serikali, umaskini wa watoto ukashuka hadi asilimia 5.2. Nafuu ikaachwa ife, na mwaka 2022 ukapanda hadi 12.4. Misaada mingine ya janga nayo ilichangia, sikatai. Lakini mtoto huyo atalipa deni la taifa lake kwa mwili na elimu alivyovijenga katika miaka hiyo.

Julai 2020, Mahakama Kuu ya Pretoria iliamuru mlo wa shuleni uwafikie wanafunzi wote waliostahili, zaidi ya milioni 9, hata ambao madarasa yao hayajafunguliwa. Wanaharakati walishinda kwa sababu mlo ule ulikuwa na haki ya kisheria nyuma yake. Nyongeza ya ruzuku ilitangazwa kwa hotuba, ikabadilika kwa ufafanuzi, ikaisha kwa tarehe. Anayetaka kuwatetea watoto kabla ya janga lijalo aanzie hapo: kiwango cha kila mtoto kiandikwe ndani ya sheria ya ruzuku iliyopo, na kianze kulipwa mwezi uleule shule zinapofungwa.