Posho ya mazingira magumu kwa walimu: ilipwe kwa nani, na kutoka mfuko upi

Mwanzoni mwa mwaka 2025, wakati Sekretarieti ya Ajira ikiendesha usaili wa kada ya ualimu Tanzania Bara, waombaji walikuwa zaidi ya laki mbili na nafasi zenyewe hazikufika elfu 15. Anayeitazama hesabu hiyo peke yake atauliza, na ana haki ya kuuliza, kuna haja gani ya Serikali kutumia fedha kuwavutia watu kwenye kazi inayogombewa kiasi hicho. Lakini ukienda kwenye halmashauri za pembezoni utakuta mwalimu wa msingi anashika madarasa mawili kwa kipindi kimoja, na sekondari ya kata ambayo fizikia inafundishwa na kijana wa kujitolea anayelipwa kwa michango ya wazazi. Walimu wapo; kinachokosekana ni nafasi zenye bajeti ya mishahara, na pale nafasi zinapopatikana, ni watu wa kubaki nazo mahali zilipopangwa.

Hapo ndipo wachambuzi wa elimu wanapogawanyika: fedha iende kwenye ajira mpya, au kwenye posho ya kuwabakisha walimu wa pembezoni? Kundi la kwanza linasema fedha yote iliyopo iende kwenye ajira mpya. Hoja yao ni nzito. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, uandikishaji umepanda kwa kasi ambayo ikama, yaani idadi ya walimu walioajiriwa, haikuifikia, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, maana yake wanafunzi wengi zaidi wataingia sekondari. Kwa mtazamo huo, kumwongezea posho mwalimu aliyekwisha kuajiriwa, huku mwenzake mwenye cheti kilekile akiendesha bodaboda mtaani, ni kuwanufaisha waliomo ndani kwa gharama ya walio nje, na darasa lenye wanafunzi mia moja halipungui hata mmoja kwa sababu mwalimu wake ameongezewa kipato.

Kundi la pili linajibu kwamba ajira bila motisha ni sawa na kujaza maji kwenye pakacha. Mshahara wa mwalimu hupangwa kitaifa: mwenye shahada anaanzia ngazi ya mshahara ya TGTS D awe anafundisha Kinondoni, jijini Dar es Salaam, au Kakonko, mkoani Kigoma. Usawa huo ni wa kwenye hati ya malipo tu. Mwajiriwa mpya anaripoti halmashauri, analipwa nauli na posho ya kujikimu ya siku chache kama fungu lipo, kisha anapelekwa kwenye kijiji ambacho chumba cha kupanga hakina sakafu ya saruji na nyumba ya mwalimu iliyopo ameshaichukua mkuu wa shule. Akitaka kufuatilia barua yake ya kuthibitishwa kazini, anakodi bodaboda hadi kwa afisa utumishi, na siku hiyo vipindi vyake havina mtu. Mwenzake wa mjini anamaliza jambo hilohilo baada ya saa za kazi na jioni ana wanafunzi wa masomo ya ziada wanaomlipa. Mshahara unaofanana unamlipa mmoja zaidi ya mwingine, na haishangazi kwamba maombi ya uhamisho na ya kubadilishana vituo yanaelekea upande mmoja.

Dai la kumlipa mwalimu kwa ugumu wa mahali anapofundisha si geni. Katika mgomo wa mwaka 2012, pamoja na nyongeza ya mshahara ya asilimia 100 na posho ya kufundishia, Chama cha Walimu Tanzania kilidai posho ya mazingira magumu ya asilimia 30. Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliutangaza mgomo huo kuwa batili, walimu wakarudi madarasani, na asilimia hiyo haikupatikana. Kilichokuja mwaka 2016 ni posho ya madaraka: shilingi 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na 250,000 kwa mkuu wa sekondari na mratibu elimu kata. Ilistahili, sibishi. Ila ilionyesha kwamba Serikali inaweza kulipa posho mfululizo ikiamua, na kwamba iliamua kulipia cheo badala ya kituo.

Wanaopinga posho ya kituo, yaani inayolipwa kwa ugumu wa mahali pa kazi, wana mfano wa karibu, nao ni Kenya. Kule posho ya mazingira magumu ipo kwa miaka mingi, na orodha ya maeneo yanayostahili imekuwa uwanja wa siasa: kila mbunge anataka eneo lake liingie, na hakuna anayekubali litoke. Mwaka 2025 Serikali ilipotaka kuipanga upya ili kupunguza gharama, vyama vya walimu vilikuja juu mara moja. Isitoshe, Kenya hiyohiyo hulipa posho ya nyumba iliyo kubwa zaidi Nairobi kuliko mashambani, kwa hiyo mkono mmoja unamsukuma mwalimu nje ya jiji na mwingine unamrudisha. Na baada ya mashambulizi ya al-Shabaab kaskazini mashariki, ambako walimu walikuwa miongoni mwa waliouawa kwenye basi la Mandera mwaka 2014, posho haikutosha kuwabakisha wasio wenyeji. Kuna ugumu ambao fedha hainunui.

Gambia inatoa picha nyingine. Kuanzia mwaka 2006 walimu wa shule zilizo zaidi ya kilomita tatu kutoka barabara kuu, katika mikoa ya mbali, walilipwa nyongeza ya kati ya asilimia 30 na 40. Mgawanyo wa walimu wenye sifa ulibadilika kweli, sehemu yao kati ya walimu wote ikaongezeka kwa takribani pointi kumi za asilimia katika shule husika. Utafiti uliofuata haukuona ufaulu wa wanafunzi ukipanda kwa wastani. Wapinzani hushika nusu ya pili ya habari hiyo na watetezi hushika ya kwanza. Kwa maoni yangu posho ya kituo isidaiwe kazi ambayo si yake. Kazi yake ni kumweka mwalimu mwenye sifa mbele ya watoto. Ufundishaji una vichocheo vyake, kama jaribio la KiuFunza la Twaweza, shirika lisilo la kiserikali, lilivyoonyesha hapa nchini, ambapo ruzuku kwa shule peke yake haikuinua matokeo, lakini ruzuku pamoja na bonasi kwa walimu iliyainua.

Jambo ninaloliona muhimu kutoka Gambia ni kigezo chake. Kilomita tatu zinapimika, na hakuna mbunge anayeweza kuisogeza barabara kwa hotuba. Tanzania ikianza na kigezo cha aina hiyo, umbali kutoka barabara kuu au makao makuu ya wilaya, na ikaibana posho kwenye kituo ili mwalimu akihama aiache, gharama yake itajulikana mapema na nafasi ya kuajiri wapya itabaki. Masharti ya kumzuia mwajiriwa mpya asiombe uhamisho kwa miaka kadhaa yanaweza kusaidia, ingawa mtu anayehesabu miezi ya kuondoka hufundisha kama mpitaji.

Suala linalobaki ni mfuko, na hapa ndipo mipango mingi mizuri imekwama. Tabia ya kuziachia halmashauri zitoe motisha kutoka mapato ya ndani inaonekana ya busara hadi unapokumbuka kwamba Geita ina mgodi mkubwa wa dhahabu na Kakonko haina. Halmashauri inayohitaji zaidi kumvutia mwalimu ndiyo isiyo na kitu cha kumpa, na deni lake la stahiki za uhamisho na likizo tayari ni refu. Posho hiyo ikiwa itakuwepo, iingie kwenye mshahara kupitia Hazina, tarehe ileile, kwenye hati ileile ya malipo, ili mwalimu asihitaji kukodi bodaboda kwenda kuidai.