Herufi nne hazisemi jambo moja: Myers-Briggs na sosioniki

Anayepata INFP (I ni mwelekeo wa ndani, N ni kung'amua, F ni kuthamini, P ni kupokea) kwenye dodoso la utu la Myers-Briggs kisha akaenda kuwatafuta wenzake wa INFP katika sosioniki, mfumo mwingine wa aina za utu, aghalabu atasoma habari za mtu mwingine. Kisa ni herufi ya mwisho.

Mifumo yote miwili inatoka kwa Carl Jung, ambaye mwaka 1921 alitaja kazi nne za akili: kufikiri, kuthamini, kuhisi kwa milango ya fahamu na kung'amua. Kila moja huelekea ndani au nje, zikawa aina nane. Huko Marekani, Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers wakaongeza jozi ya J (kuamua, yaani kufikiri au kuthamini) na P (kupokea, yaani kuhisi au kung'amua), inayoonyesha kazi ambayo mtu huitumia kwa ulimwengu wa nje. Kwa mwenye mwelekeo wa nje, hiyo ndiyo kazi kuu. Kwa mwenye mwelekeo wa ndani ni msaidizi tu. Basi INFP wao, pamoja na P yake, anaongozwa na kuthamini kwa ndani, na kung'amua kwa nje kunafuata.

Sosioniki, iliyoasisiwa na Aušra Augustinavičiūtė wa Lithuania katika miaka ya 1970, huifunga herufi ya mwisho na kazi kuu kwa kila mtu. Mwenye mpangilio huohuo huko huandikwa INFj. Kanuni ya haraka ni hii: wa ndani abadilishe herufi ya mwisho, wa nje aiache. Ila isiaminiwe kupita kiasi, maana hata kazi zenyewe hazielezwi sawa. Kuhisi kwa ndani, upande wa Myers, ni kumbukumbu na undani wa mambo. Kwenye sosioniki ni raha ya mwili na mazingira.

Sosioniki ina nafasi nane za kazi badala ya nne, na nguvu yake ni kueleza kwa nini watu wawili wanaelewana au wanachoshana. Gharama yake ni kwamba nafasi zikiwa nyingi, kila tabia hupata pa kujificha, na nadharia haikosei kamwe. Wafuasi wa Myers nao hawajatulia: mwongozo wa dodoso wa 1985 unaipa kazi ya tatu mwelekeo ulio kinyume na kazi kuu, ilhali mwanasaikolojia Harold Grant aliipa mwelekeo uleule, na mpangilio wa Grant ndio umeenea zaidi.

Udhaifu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye kipimo. Dodoso linapima jozi za herufi. Kazi za akili zinakisiwa baadaye. Mwaka 1989 wanasaikolojia McCrae na Costa walionyesha kwamba jozi hizo nne zinalandana na nne kati ya Sifa Kuu Tano, yaani mfumo unaopima utu kwa alama za sifa tano, na kwamba alama za watu hazigawanyiki makundi mawili. Wengi wako katikati. Sasa tazama: INFP na INFJ wanatofautiana herufi moja, lakini kwa mpangilio wa Grant hawashiriki hata kazi moja yenye mwelekeo uleule. Jibu moja likigeuka, akili nzima inageuka kwenye karatasi. Sifa Kuu Tano hazina tatizo hilo, kwani alama ikisogea kidogo, maelezo nayo husogea kidogo. Tena zinapima wepesi wa kupata wasiwasi, jambo ambalo Myers aliliacha nje. Lakini hazikwambii chochote kuhusu njia ambayo akili hupitia kufikia uamuzi, na hicho ndicho wapenzi wa Jung wanachokitafuta.

Kwa hiyo mwenye P ya nusunusu asome maelezo ya INFP na INFJ bega kwa bega, aangalie anavyoamua mambo akiwa peke yake, ndipo azungumzie kazi kuu.