Kibao cha New Philadelphia kiandikwe na bei

Ukiendesha kwenye barabara kuu ya I-72 huku Illinois, Marekani, kutoka Springfield kwenda Hannibal, ukikaribia Barry kwenye kaunti ya Pike, kulia kushoto ni mahindi na soya tu mpaka macho yanachoka, na hapo ndo palikuwa na mji wa New Philadelphia. Nilienda Jumamosi moja na mwanangu, tukashuka kwenye gari, akaangalia huku na kule akaniuliza, baba, mji wenyewe uko wapi? Nikamwonyesha kibao.

Mi napenda sana kusoma vibao vya historia, na huku Illinois nimezoea kukuta Rais Abraham Lincoln kila kona, hapa alilala, hapa alihutubia, hata Pittsfield, makao makuu ya kaunti hiyo hiyo, habari zake zimejaa. Sina ugomvi na Lincoln. Ila nyumba aliyolala mara nyingi ipo, unaushika ukuta, hata kibao kikianguka kuna mtu atakusimulia. New Philadelphia nyumba zake zimeisha, ukitoa maandishi unabaki na nyasi, kwa hiyo mi naona kila neno pale lina kazi kubwa kuliko kibao kingine chochote nilichosoma jimbo hili.

Mwenye mji aliitwa Frank McWorter, Free Frank. Kazaliwa mtumwa South Carolina 1777, akapelekwa Kentucky, huko akapata nafasi ya kufanya kazi zake pembeni, akatengeneza shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, akadunduliza. 1817 akamkomboa mkewe Lucy kwa dola 800. Alianza na mke wakati yeye mwenyewe bado mtumwa, maana mtoto alifuata hali ya mama, Lucy akiwa huru basi aliyeko tumboni anazaliwa huru. Yeye akajikomboa 1819, dola 800 nyingine. 1829 akatoa biashara yake ya shura ili apate uhuru wa mwanawe Frank aliyekuwa katorokea Kanada. Wakahamia Illinois, na 1836 akapima viwanja 144, akasajili mji, akauza kwa weusi na weupe, hela ikawa inaenda kuwatoa watoto na wajukuu utumwani. Watu 16 kwa jumla!

Kiwanja kimoja kilikuwa futi 60 kwa 120. Nikahesabu hatua palepale kwenye nyasi, kama 24 upana, kama 48 urefu, dogo anakimbia mbele anasimama kwenye kona ananisubiri, na mimi akili yote iko kwenye swali moja tu, hivi viwanja vingapi vilimtoa mjukuu mmoja?

Ndo maana nasema kibao kisiishie kwenye "mtu mweusi wa kwanza Marekani kupima na kusajili mji". Ni kweli na ni heshima kubwa, lakini mtu anasoma, anapiga picha, anaondoka. Waandike dola 800, bei ya Lucy. Waandike na sheria ya 1853, Illinois hii hii ilipokataza watu weusi kuhamia, wakati mji wa Frank una miaka 17 na weusi na weupe wanakaa jirani. Reli ya 1869 ilipita kaskazini ikauacha, watu wakahama, 1885 ukafutwa kisheria, sawa, hiyo sentensi moja inatosha.

Wenyeji wa Pike na ukoo wa McWorter wamepigania hili eneo miaka mingi, nawashukuru kwa moyo wote, na mwisho wa 2022 likaingia kwenye hifadhi za taifa, kwa hiyo maneno ya kuandika pale bado yatajadiliwa na ndo maana nasema sasa.

Na jambo la mwisho wasiliache. Free Frank alifariki 1854 na bado kuna wajukuu hawajakombolewa, akaacha wosia wanunuliwe kwa mali yake, na wanawe wakaendelea kulipa.