Kiwiko hakina video

Ile video imerudi tena. Mkono wa mtu aliyeungua moto umefunikwa ngozi ya samaki tilapia kutoka vidoleni hadi begani, muziki wa huzuni unalia nyuma, na chini yake maneno ni yale yale: "Kumbe dawa ilikuwa ziwani kwetu!" Wiki hii imepita kwenye magrupu yote ya Goma, la kanisa, la likelemba (mchango wa zamu), hadi la wapangaji wa parseli moja. Na kuna aliyeuliza, bila mzaha, kama samaki wa soko la Kituku, hapa ziwa Kivu, anafaa au lazima awe wa Vitshumbi, kule ziwa Edward.

Hafai wa Kituku, hafai wa Vitshumbi.

Utafiti wenyewe wa kufunika majeraha ya moto kwa ngozi ya tilapia ni wa kweli, ulifanyika Fortaleza, Brazili. Lakini kule ngozi inaoshwa, inapitishwa kwenye klorheksidini (dawa ya kusafishia vidonda), halafu kwenye gliserini, inapigwa mionzi ya kuua vijidudu, na inatunzwa kwenye friji mpaka siku ya kutumika. Ya sokoni imeshatembelewa na inzi wa mji mzima kabla hujatoa noti mfukoni. Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande: ile ngozi iliyoandaliwa vizuri inashika kidonda na kubaki hapo, kwa hiyo bandeji haibadilishwi kila mara na mgonjwa hateseki kila mara. Hilo si dogo. Ila ni kwa kidonda cha juujuu, ambacho hata kompresi, kile kipande cha shashi, yenye vaselini ingekifunika kikapona ndani ya wiki mbili. Vaselini hiyo hiyo ya soko la Birere, ndiyo. Mwaka 1942, baada ya moto wa klabu ya usiku ya Cocoanut Grove kule Boston, madaktari wa hospitali ya Massachusetts General waliacha kupaka majeraha asidi ya taniki wakatumia shashi ya vaselini, na hawakuona haya.

Kidonda cha ndani ni habari nyingine. Ni cheupe au cha kahawia, kikavu kama ngozi ya kiatu, na mtoto halii ukikigusa. Hicho kinataka ngozi iliyokufa ikatwe tabaka kwa tabaka mpaka vitone vya damu vionekane, kisha ipandikizwe ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Zora Janžekovič, daktari mpasuaji wa Maribor, Slovenia, aliandika mwaka 1970 kwamba hayo yafanyike siku za mwanzo, kabla ngozi haijaoza yenyewe. Sisi bado tunangoja ioze.

Kinachoniudhi lakini si samaki. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna anayetuma video ya kiwiko.

Chukua mtoto wa miaka miwili, kilo 12, amevuta sufuria ya maji ya bugali kutoka kwenye mbabula, jiko la makaa. Shingo, kifua, kwapa, mkono wa kuume: asilimia 20 ya mwili. Mkono unamuuma, anaukunja. Mama anamlaza juu ya mto laini, kidevu kinagusa kifua. Bibi anasema, "Mumuache mtoto apumzike." Muuguzi naye, mwenye wagonjwa 30 na mikono miwili, anamuacha apumzike. Hapo ndipo ulemavu unapoanza kushonwa. Seli zinazofunga kidonda zina nguvu ya kuvuta kama misuli. Kazi yake ni kusogeza kingo zikutane, na hazina habari kwamba hapo katikati kuna kiungo. Zikikikuta kimekunjwa, zinakifungia hapo hapo. Kidonda kikizidi wiki tatu bila kufunga, kovu litakalokuja litakuwa nene, na litaendelea kuvuta miezi sita, mwaka, wakati mwingine zaidi. Mkao unaomstarehesha mtoto ndio mkao utakaomlemaza. Ningekuwa na rangi na ngazi, ningeiandika hiyo juu ya kila kitanda.

Kwa hiyo mto utoke kitandani. Kitenge kikunjwe kama roli, kiwekwe chini ya mabega, si chini ya shingo, ili kichwa kilegee nyuma kidogo na ngozi ya koo inyooke. Mkono utengwe na mbavu mpaka usimame pembe mraba na mwili, kipande kinene cha godoro kikiwa katikati. Kiwiko kinyooke. Kama miguu iliungua, goti linyooke na wayo usimame kama wa mtu aliyekanyaga chini, usiachwe uning'inie. Kiganja kilichoungua upande wa mgongoni ndicho kigumu kuliko vyote: kifundo kiinuliwe nyuma kidogo, vidole vikunjwe pale vinapoanzia tu na sehemu iliyobaki inyooke, dole gumba likae mbali na wenzake. Na jamani, kila kidole kifungwe peke yake. Kila kimoja na shashi yake. Ule ufungaji wa kuviringisha mkono wote kama glavu ya ndondi unaonekana nadhifu sana siku ya kwanza. Mwezi wa pili unafungua unakuta vidole vimeungana kama mguu wa bata, na sasa kazi ni ya mpasuaji.

Cha kukishika kiwiko hakihitaji ndege kutoka Ulaya. Kata bomba la PVC la maji, la milimita 75, urefu wa kutoka katikati ya mkono wa juu hadi karibu na kifundo, ulipasue kwa urefu upate nusu. Lichovye kwenye maji yanayochemka mpaka lilegee, ulipanue lifuate umbo la mkono (mtoto akiwa mbali na hiyo sufuria, tafadhali). Likipoa, kwangua kingo zisikate, tandika sponji ya godoro iliyofunikwa kitambaa safi, liweke mbele ya kiwiko juu ya bandeji, funga kwa bendi ya kuvutika. Baada ya saa mbili fungua utazame. Vidole vikiwa baridi au vimevimba, umekaza mno. Ukiona alama nyekundu juu ya mfupa, ongeza sponji hapo, la sivyo utatibu moto huku unatengeneza kidonda kingine.

Mwanzoni kibanzi hicho, yaani lile bomba, kinatolewa wakati wa kuosha kidonda na wa mazoezi tu. Ngozi ikishapandikizwa, kiungo kinatulizwa kama siku tano ishike, halafu mazoezi yanaanza tena: mara nne au tano kwa siku, nyoosha polepole mpaka kovu lipauke, shikilia hapo, usirudishe haraka. Kovu lililofunga lipakwe vaselini na lisuguliwe kwa kidole gumba dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni. Mchana mtoto acheze, usiku kibanzi kirudi mkononi, mpaka kovu liwe laini na lipoteze wekundu. Familia nyingi zinaacha wiki ya tatu kwa sababu mtoto analia. Si uvivu. Hakuna aliyewaambia wampe parasetamoli saa moja kabla, miligramu 15 kwa kila kilo, yaani 180 kwa huyu wetu. Unamshika mtoto watu watatu, unamnyoosha mkono akipiga kelele, halafu unamwandika kwenye fishi yake ya hospitali kwamba "hashirikiani". Una haki gani?

Mengine nayapitia haraka. Maji: mtu akiungua tu, dakika 20 ya maji baridi yanayotiririka, na ndani ya saa tatu bado yanasaidia. Utafiti wa Australia wa mwaka 2020, uliofuata watoto zaidi ya 2,000, ulikuta waliopata dakika hizo uwezekano wao wa kuhitaji kupandikizwa ngozi ulipungua kwa karibu asilimia 40. Najua maji ya Goma, najua foleni na bei. Bidoni moja ya njano ni lita 20: lita moja kwa dakika, kikombe kwa kikombe, sehemu nyingine ya mwili ikiwa imefunikwa asipate baridi. Dawa ya meno ibaki kwa meno.

Serumu, maji ya kutundikwa mshipani: mililita 4 mara kilo 12 mara asilimia 20, ni mililita 960 za Ringer, serumu ya chumvichumvi, kwa saa 24, nusu yake ndani ya saa nane. Saa nane hizo zinahesabiwa tangu alipoungua, si tangu mlipofika mapokezi. Mkichelewa saa tatu, zimebaki tano, ni mililita 96 kwa saa, juu ya serumu ya sukari anayohitaji mtoto yeyote. Siku hizi wengi wanaanza na 3 badala ya 4, sawa, maana mkojo ndio unaoamua: mililita 12 kwa saa. Usipopimwa mkojo, hesabu yote hiyo ni mapambo.

Petroli ya makadafi, wale wauzaji wa barabarani, ndani ya nyumba yenye mbabula: baada ya lori la mafuta kuwaka na kuua watu Sange, 2010, nilidhani hatuhitaji kukumbushana.

Na chakula. Aliyeungua hivyo anachoma nguvu kama mtu anayekimbia amelala. Gramu 3 za protini kwa kila kilo, kwa huyu ni 36 kwa siku. Sambaza, mayai, maharage, kila kitu kinahesabiwa. Minofu ya tilapia aliyepikwa, gramu 150, inatosha siku nzima. Kwa hiyo mnunulieni huyo samaki, wa Kituku au wa Vitshumbi. Ngozi yake, ikikaangwa mpaka ikauke, ni tamu.